Mlango wa Kuku Anayeatamia

Mume wangu ni fundi wa kuchomelea, na mageti mengi ya Nyamisangura yamepita mikononi mwake. Ukitembea mtaani utayatambua tu: kila geti lina maua mawili ya nondo pembeni, na katikati lina mnyama ambaye yeye anasema ni simba. Sijawahi kumbishia. Mwanamume akishasema ni simba, na geti limeshasimama ukutani kwa watu, wewe mke unaona simba na maisha yanaendelea.

Nalisema hili mapema ili msije mkadhani kwamba taabu tuliyoipata na mlango ilitokana na kutojua milango. Yule mtu anajua milango kupita kiasi, na ndiyo maana tuliaibika.

Miaka ile ya rashi ya dhahabu hakuna aliyetulia. Leo unasikia dhahabu imetoka huku, kesho kule, na sisi tunaowahudumia wachimbaji tulikuwa nyuma yao kama yangeyange nyuma ya jembe la ng'ombe. Yeye alichomelea makarasha ya kusagia mawe na mikokoteni iliyovunjika. Mimi nilipika ugali, chai na maandazi. Rashi ya upande wa Kemambo ilitukuta msimu wa mvua, nasi tukaishi chini ya turubai. Upepo ukija, tunashika pembe, yeye mbili na mimi mbili, tunatazamana kama watu wanaokunja shuka. Asubuhi moja niliamka nikamkuta mbuzi wa watu amelala miguuni pangu, amejilaza juu ya khanga yangu, mimi natetemeka. Nilimwambia mume wangu pale pale kwamba rashi nyingine sitaifuata bila mlango. Sikumwomba nyumba. Nilitaka kitu cha kufunga kati yangu na mbuzi.

Mungu naye akajibu kwa njia zake. Wazungu wawili wazee, mtu na mkewe, waliokuwa wamevuka mpaka wa Sirari wakielekea mbugani, walikatikiwa na chuma cha kuunganishia tela karibu na kibanda cha mume wangu. Lilikuwa tela dogo la kulalia, mbele nene na la mviringo, nyuma linashuka na kuchongoka, umbo la tone la maji linaloteremka kwenye kioo cha dirisha. Nyuma palifunguka kwenda juu, na ndani yake mlikuwa na jiko. Mume wangu alichomelea kile chuma taratibu kuliko ilivyohitajika, maana kila akipumzika alizunguka tela na kulipapasa. Aliporudi nyumbani alichukua chaki akachora tela zima kwenye sakafu ya jiko langu, nikawa napika nikirukaruka mistari.

Akaanza kujenga. Ekseli ilitoka kwenye pikapu iliyokufa zamani, mbavu zilikuwa za mabomba ya mraba aliyoyakunja kwa moto, ndani plaiwudi, nje bati. Watu wa mtaani walikuja kutazama, na hakuna hata mmoja aliyeona tone la maji. Waliona kuku anayeatamia mayai. Jina likashika hivyo. Watoto wakipita wanauliza kama kuku ameshaangua, na mume wangu akiwa na kofia ya kuchomelea usoni anawajibu kwa Kikurya maneno ambayo sitayaandika.

Ndani ya kuku mlitosha godoro moja tu. Ukikaa, kichwa kinagusa dari. Hakuna sebule wala ukumbi. Ukifungua mlango umefungua kitanda. Hili mlikumbuke, maana sasa namleta baba mkwe.

Baba mkwe wangu tuliishi naye kiwanja kimoja, yeye na nyumba yake, sisi na yetu. Mama mkwe alifariki baada ya rashi ile ya Kemambo, na tangu siku hiyo alikula chakula changu. Mchana alibeba kigoda chake mwenyewe, akakiweka nje ya jiko langu akiwa ameupa mlango kisogo, akasubiri. Tulisalimiana: shikamoo baba, marahaba mama. Nilikuwa mama kwake, nami sikuwahi kumpa mkono. Kwa Wakurya kuna soni kubwa kati ya mkwe na mkwe. Baba haingii nyumba anayolala mwanawe na mkewe, na kitanda chao hakijui. Si kwamba hajui kipo, wajukuu anawaona wanakimbia uani. Ila hakijui kwa macho. Mimi wazazi wangu ni wafanyabiashara wa Sirari, nina ndugu ng'ambo ya mpaka, na nilikulia kwenye nyumba ambako watu walipishana chumba kwa chumba wakitafuta chaja. Nilipoolewa nilidhani nitachoka na adabu hizi. Kumbe nilizipenda. Ndani ya ule umbali kulikuwa na mapenzi mengi. Alikuwa akimaliza kula anasema kwa sauti, akiwaambia kuku wa uani, kwamba kuna watu wanajua kuunga mboga, na mimi ndani nikiosha sufuria nachekelea peke yangu.

Habari zikaja kwamba dhahabu imeonekana upande wa Busawe, kule Serengeti. Wenzetu wakaanza kufunga mizigo. Mume wangu ndiye mtoto wa kiume pekee, na neno lake lilikuwa moja: hahami akamwacha baba yake bila wa kumpikia. Bahati nzuri baba mkwe alikuwa na rafiki wa rika lake huko Busawe, waliotahiriwa msimu mmoja. Tukapanga: watoto watabaki Sirari kwa wazazi wangu, yeye atalala kwa rafiki yake, na mchana atakuja kula kwenye tela letu, kama nyumbani. Alikubali baada ya kutusumbua kidogo. Aliliita tela letu nyumba isiyo na mizizi, lakini nilimwona jioni akilipangusa vumbi kwa mkono wa koti.

Kilichobaki kilikuwa mlango.

Ndugu zangu, sikujua kwamba mlango unaweza kuwa na maneno mengi hivyo. Wazo la kwanza la mume wangu lilikuwa mlango wa gari bovu, wenye kioo cha kushusha kwa mkono. Niliupenda, ila ulikuwa mpana kuliko ubavu wa kuku wetu. Wazo la pili alilileta kwa furaha mgongoni: mlango wa friji iliyokufa. Alinionyesha mpira wake, jinsi unavyobana, hata vumbi haliingii. Nikamuuliza hewa itaingilia wapi. Akaanza kuupima upya. Nikamwambia mimi si soda, akaurudisha alikoutoa. Halafu tukafikiria mlango wa kuteleza kama wa magari ya abiria, lakini yeye mwenyewe akasema vumbi la barabara za huku litaukaba kwenye reli. Mlango wa kufunguka kwenda juu niliukataa mimi, maana nilishaona utanishukia kisogoni nikiwa natoka kwa magoti na uso wa usingizi.

Mwishoni alifanya anachokijua. Alitengeneza mlango wa nyumba, mdogo. Juu mviringo kufuata mgongo wa kuku, chini mraba, na maua mawili ya nondo. Simba nilimzuia. Aliuweka upande wa kulia, bawaba nyuma na komeo mbele, kwa sababu mtu akisimama pale mkono wake wa kulia unafika vizuri kwenye komeo. Kila mlango wa nyumba aliowahi kufunga ulifikiriwa hivyo: mtu anasimama, mkono unafika, mlango unafunguka. Kizingiti hakuweka, ili nisijikwae. Ulikuwa mlango mzuri wa kitu kisichotembea, na hilo hatukuliona, si yeye wala mimi. Niliusifu hata kwa jirani.

Siku ya kulijaribu ilikuwa Jumapili baada ya ibada, likivutwa na pikapu ya kuazima. Nilitandika kitanda kabisa, maana nilitaka kuona kama vitu vitakaa. Nikaweka shuka langu la kudarizi, na mito yangu miwili ya harusi, iliyoandikwa kwa uzi mwekundu: Usingizi mwema mpenzi. Baba mkwe naye alikuwa amejiandaa. Hakutuambia. Alitoka kanisani na koti lake la heshima, akawakusanya wazee wenzake pembeni ya barabara, pale penye tuta, waone kazi ya mwanawe ikipita. Tuliwaona kwa mbali wamejipanga kama wanaomsubiri mkuu wa wilaya. Mume wangu akakaa vizuri kwenye usukani na kuongeza mwendo kidogo. Ningekuwa yeye ningefanya hivyo hivyo.

Tukapanda tuta. Komeo likaruka. Upepo ukaingia kwenye ukingo wa mlango, ukaushika na kuubamiza nyuma, maua na yote, na pale barabara inapokata kushoto godoro likateleza kwenda kulia na kutoka nje bila kizuizi, taratibu, kama mtu anayeshuka kwenye gari kwa heshima. Nilishuka nikakimbia. Godoro lilikuwa limelala katikati ya barabara na shuka lake limetandikwa bado. Mto mmoja ulikuwa mtaroni. Wa pili ulikuwa miguuni pa baba mkwe.

Yule mzee alijifunza kusoma ukubwani, kanisani, na tangu hapo kila chenye herufi hukisoma kwa sauti, silabi kwa silabi: mabango, mifuko ya sementi, migongo ya malori. Mazoea yana nguvu kuliko akili. Aliinamisha kichwa akaanza. "U-si-ngi-zi mwe-ma m-pe..." Hapo akafika, akaelewa anasoma nini na ni cha nani. Wazee wenzake wote wakatazama juu, wakapata jambo muhimu sana mawinguni. Baba mkwe akageuka, akavuka mtaro na koti lake la heshima, akaenda zake nyumbani kwa kukata katikati ya shamba la mtu. Mimi nilibaki nimekumbatia mto, na aibu niliyoisikia siku ile sitaki hata adui yangu aionje.

Mchana uliofuata kigoda hakikuja. Nilimtuma mtoto ampelekee chakula. Kikarudi kimefunikwa vile vile. Siku zikapita. Baba mkwe akawa anakunywa chai kwenye mgahawa wa barabarani, chai ya rangi, mtu aliyezoea maziwa. Nikimwona anatokea upande huu, anageukia upande ule. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo liliniumiza zaidi. Mtu mwenye hasira unamwomba radhi. Huyu alikuwa anatuonea haya sisi, na haya haina wa kuombwa. Majirani walicheka, nami nilicheka nao, kisha nikaingia ndani nikalia kwenye moshi wa jiko ili nipate wa kumsingizia. Huko Busawe wenzetu walikuwa wameshashika nafasi nzuri karibu na makarasha. Mume wangu alikuwa amekaa kwenye chuma cha kuvutia kuku wake. Alisema hatuondoki. Baba yake hajala mkononi mwetu, tutaondokaje.

Niliingiwa na hasira nikaenda kwa shangazi yake, dada wa baba mkwe, anayeuza ndizi. Nilimweleza yote nikitegemea ataniambia nimnunulie mzee mbuzi wa kuomba radhi. Shangazi alicheka mpaka akashika meza. Alinifanya nirudie sehemu ya mto. Kisha akafuta macho akasema, "Mama, kitu kama hiki hakiombewi msamaha. Ukienda kuomba, umekitaja tena, na yeye atakiona mara ya pili. Hajakasirika. Hana pa kuweka macho tu. Mpe pa kuweka macho."

Nilirudi nyumbani nikilirudia lile neno njia nzima. Nikasimama mbele ya tela, nikaweka kigoda pale ambapo baba mkwe angekaa huko Busawe, nyuma, kwenye kona ya kulia, karibu na jiko. Nikakaa mimi. Nikamwambia mume wangu afungue jiko, kile kifuniko cha nyuma kinachokwenda juu. Akafungua. Nikaona sufuria zangu, na katikati ya sufuria nikaona kitanda, chote, mpaka ule mto. Alikuwa hajaweka ukuta kati ya jiko na chumba; aliacha wazi ili nimpitishie chai akiwa amelala. Nikageuza macho kulia, nikaona mlango, na ndani ya mlango nikaona kitanda tena. Yule mzee wa watu hata mlango usingefunguka barabarani, angekula ugali wa Busawe amefumba macho.

Nilimwita mume wangu akae yeye. Alikaa. Alitazama mbele, akatazama kulia, akavua kofia. Kwa miaka yote alikuwa ametengeneza milango akifikiria mkono wa anayeingia. Hakuwa amewahi kufikiria jicho la asiyeingia. Hakusema hayo, si mtu wa maneno. Alisema tu, "Kumbe," akawasha grenda ya kukatia chuma.

Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Mlango uling'olewa na ubavu wa kulia ukazibwa kwa bati, bila hata dirisha. Mlango mpya uliwekwa kushoto, mbele kabisa kupita gurudumu, mbali na atakakokaa mgeni. Hapa tulibishana kwa raha kama zamani. Mimi nilitaka uwe mdogo. Yeye akasema nisipopita nisimlaumu. Bawaba safari hii zilienda mbele, ili upepo ukija uusukume mlango ujifunge wenyewe. Makomeo yakawa mawili, juu na chini. Kizingiti kikainuliwa mpaka usawa wa godoro na zaidi, nami nikaapa nitajikwaa kwa furaha. Kati ya jiko na kitanda akasimamisha ukuta wa plaiwudi kutoka sakafu hadi dari, akauwekea rafu. Nilizipanga sahani zote nilizonazo, vikombe vya maua, birika, na kalenda ya kanisa, ili jicho likifika pale lipate kazi. Maua ya nondo aliyakata mlangoni. Nilidhani ameyatupa. Nilipoingia kulala kujaribu, nilikuta ua moja amelichomelea upande wa ndani, juu ya komeo, mahali ambapo hakuna mwingine duniani atakayeliona.

Hatukumwalika baba mkwe. Shangazi alikuwa amesema tusitaje kitu. Tulilivuta tela katikati ya kiwanja, nyuma yake ikielekea nyumba ya mzee, na mchana nikapika kuku wa kienyeji, kuku wa kweli, kwa karanga, na ugali wa mtama na muhogo kama anavyopenda. Upepo ulikuwa unatoka kwetu kwenda kwake. Nakiri niliuhesabia ule upepo.

Alitoka. Akasimama mlangoni kwake muda mrefu akisafisha meno. Akarudi ndani, nikajua basi, imekwisha. Akatoka tena akiwa na kigoda. Alikuja akizunguka mbali, akakiweka nyuma ya tela, akakaa kisogo kwetu kama siku zote, uso kwenye majani ya ndizi. Kifuniko cha jiko mume wangu ndiye aliyekiinua. Kilitoa mlio. Mgongo wa mzee ukakakamaa.

"Shikamoo baba," nikasema.

"Marahaba mama."

Harufu nayo ilifanya kazi yake. Kwanza aligeuza sikio, halafu shavu, halafu akakigeuza kigoda chenyewe, jambo ambalo hakuwahi kulifanya nyumbani kwangu. Akatazama. Sahani, vikombe, birika. Macho yake yalitembea rafu kwa rafu yakitafuta hatari, hayakuiona. Yalipofika kwenye kalenda yalitulia, akaanza kusoma kwa sauti, silabi kwa silabi, mwezi mzima na neno la mwezi. Alisoma mpaka mwisho bila kitu cha kumsimamisha. Nikampa maji ya kunawa. Akala. Akaongezwa, akala tena, na kuku wa uani wakaambiwa kwamba kuna watu wanajua kuunga mboga.

Alipomaliza alisimama, akalizunguka tela kwa upande wa kulia, ule usio na kitu, akiligongagonga kwa kiganja kama mtu anayenunua ng'ombe. Upande wa kushoto hakwenda. Alirudi mpaka jikoni, akachukua maji kinywani, akalipulizia tela yale maji kama wazee wanavyobariki, kisha kwa kuwa yeye ni mtu wa kanisa akaongeza amina. Akabeba kigoda chake. Alikuwa ameshapiga hatua kuelekea nyumbani kwake alipogeuka, uso mkavu kabisa, akamtazama mwanawe, kisha akanitazama na mimi.

"Kazi nzuri, mura, kijana wangu," akasema. "Jiko zuri sana. Lakini sijaelewa kitu kimoja. Na ninyi huko Busawe mtalala wapi?"

Mume wangu alifungua mdomo ajibu, fundi yule, tayari kueleza vipimo. Nilimkanyaga mguu.

"Tutatafuta, baba," nikasema.

"Tafuteni," akasema baba mkwe wangu. "Usiku kule kuna baridi." Akaenda zake, na nilimsikia akicheka njia nzima mpaka mlangoni kwake, mimi nikiwa nimeshika mwiko, nalia na kucheka.